Jinsi Picha Zilivyofundishwa Kutembea

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea kusoma, ondoka kitini pako, utembee hatua kumi, kisha urudi uketi. Sasa jiulize maswali mawili. Je, mguu wako wa nyuma uliinuka kabla ya ule wa mbele kukanyaga ardhi, au baada yake? Na mkono wako wa kulia, ulikwenda mbele pamoja na mguu wa kulia, au pamoja na mguu wa kushoto? Umekuwa ukitembea tangu utoto, walakini nadhani huwezi kujibu kwa hakika mpaka usimame tena na kujitazama. Mwendo ni jambo tulifanyalo kila siku bila ya kulijua.

Katika insha hii nataka kukusimulia habari za watu waliojitia taabuni ili wajue mwendo ulivyo, na wengine waliowafuata ambao walizifundisha picha kutembea. Nakusimulia habari hizi kwa sababu vijana wengi wa siku hizi hucheza michezo ya kompyuta, hasa ile iitwayo michezo ya ulimwengu wazi, ambayo mchezaji huweza kwenda atakako, mlimani au mjini, bila ya kufungiwa njia moja. Baadhi yao hawatosheki na kucheza tu. Huufungua mchezo wakatia ndani yake mabadiliko yao wenyewe, nayo huitwa modi. Katika modi hizo, moja iliyo ngumu na yenye kupendeza ni ile ya kubadili uhuishaji wa mhusika, yaani namna atembeavyo, akimbiavyo, aketivyo au achezavyo ngoma. Kijana afanyaye hivyo ni mrithi wa kazi iliyoanza zaidi ya miaka 140 iliyopita, na si vema mrithi asijue mali yake ilitoka wapi.

Habari yetu yaanza na farasi. Katika karne ya 19 wachoraji wa Ulaya walizoea kumchora farasi anayekwenda shoti miguu yake ya mbele ikiwa imenyoshwa mbele, na ya nyuma imenyoshwa nyuma, kana kwamba anaruka juu ya ukuta. Hapakuwa na jicho la mwanadamu lililoweza kukana au kuthibitisha, maana miguu ya farasi hupita upesi mno. Leland Stanford, tajiri wa reli aliyewahi kuwa gavana wa California huko Marekani, alikuwa na farasi wengi, akataka kuujua ukweli. Basi akamtafuta mpiga picha jina lake Eadweard Muybridge, mzaliwa wa Kingston upon Thames katika Uingereza.

Mnamo Juni mwaka 1878, mahali paitwapo Palo Alto, Muybridge alipanga kamera kwa safu kando ya njia ya farasi. Hapo kwanza zilikuwa 12, na baadaye zikawa 24. Nyuzi zilitandazwa kukata njia, na kila farasi alipoukata uzi mmoja, kamera moja ilipiga picha. Picha zilipotoka, watu walistaajabu. Kweli, pana nukta ambapo miguu yote minne ya farasi huwa haigusi ardhi; lakini nukta hiyo si ile waliyoichora wachoraji. Huwa wakati miguu yote imekunjwa na kukusanyika chini ya tumbo. Wachoraji walikuwa wamekosea siku nyingi, wala hawakujua.

Muybridge hakuishia hapo. Katika mwaka 1879 alitengeneza chombo alichokiita zoopraxiscope, ambacho kilizungusha kisahani cha kioo chenye picha pembeni mwake, na mwanga ukazitupa picha hizo ukutani moja baada ya moja. Jicho halikuona tena picha mbalimbali, bali liliona farasi mmoja anayekwenda. Na katika mwaka 1887 alitoa kazi kubwa yenye kurasa 781 za picha za watu na wanyama wakitembea, wakiruka, wakipanda ngazi na kubeba mizigo. Wahuishaji wangali wanazitazama mpaka leo.

Wakati huohuo, huko Ufaransa, alikuwako tabibu na mtaalamu wa maumbile ya mwili, Étienne-Jules Marey. Yeye hakutaka picha ya mtu mzima. Alitaka mwendo peke yake. Basi akamvisha mtu nguo nyeusi toka kichwani hata miguuni, akamtia mistari myeupe mikononi na miguuni, na nukta nyeupe penye viungo. Kisha akamtembeza mbele ya ukuta mweusi, na kamera ikapiga mara nyingi juu ya picha ile ile moja. Kilichoonekana si mtu. Ilionekana mistari na nukta zikipangana kama nyasi zilizolazwa na upepo. Tafadhali yaweke mawazoni mambo haya ya Marey, viungo na mistari, kwa sababu tutayarudia.

Baada yao wakaja watu wa sinema. Katika mwaka 1915 Max Fleischer wa New York aliomba hataza ya chombo kiitwacho rotoscope, akapewa mwaka 1917. Chombo hiki kilitupa filamu juu ya kioo, picha moja moja, na mchoraji akaweka karatasi juu ya kioo na kuufuata mwili wa mtu kwa kalamu. Fleischer alimvika ndugu yake Dave nguo za mchekeshaji, akampiga filamu, kisha akamchora picha baada ya picha. Ndipo akazaliwa mchekeshaji wa katuni aitwaye Koko, ambaye alikwenda kwa wepesi ambao katuni nyingine za siku zile hazikuwa nao. Siri ilikuwa ni kwamba chini ya wino palikuwa na mwili wa mtu wa kweli.

Hapa naomba uruke nami miaka 70. Katika mwaka 1985 kijana wa Kimarekani jina lake Jordan Mechner alikuwa akiandika mchezo wa kompyuta. Kompyuta yake ilikuwa ndogo, na wahusika wa michezo ya siku hizo walikwenda kama vijiti. Mechner akachukua kamera ya video, akampiga picha mdogo wake akikimbia, akiruka na kuning'inia ukutani, akiwa amevaa nguo nyeupe. Kisha akazichora picha zile moja moja ndani ya kompyuta. Kazi ilimchukua miaka, na mchezo ukatoka mwaka 1989 kwa jina la Prince of Persia. Wachezaji walishangaa kuona mtu mdogo wa kioo anapojikwaa, anasita, anajivuta kwa mikono miwili, kama mtu mwenye uzito na pumzi. Waona, msomaji, kwamba Fleischer alimtumia ndugu yake, na Mechner akamtumia ndugu yake pia. Mtu asiye na mali nyingi huanza na kilicho nyumbani kwake.

Baadaye kompyuta zikapata nguvu ya kuonyesha mwili wenye pande zote, ambao waweza kuutazama mbele, nyuma na ubavuni. Hapo kuchora picha moja moja hakukufaa tena, na wataalamu wakarudi kwenye mistari na nukta za Marey. Mhusika wa michezo ya leo ana ngozi iliyo nje, na ndani yake mna kiunzi cha mifupa isiyoonekana. Kila mfupa una jina lake, na umeungwa na mwenzake kwenye kiungo. Mhuishaji huiambia kompyuta: katika nukta hii goti likunjwe kiasi hiki, na katika nukta ile linyoshwe kiasi kile, nayo kompyuta hujaza mwendo wa katikati. Na pengine mtu wa kweli huvalishwa vinundu ving'aavyo penye viungo, akazungukwa na kamera, na mwendo wake ukanaswa moja kwa moja. Njia hiyo ilitumika katika uchunguzi wa mwendo wa wagonjwa kabla ya kuenea katika sinema na michezo. Marey, aliyekuwa tabibu, angeifahamu mara moja.

Sasa shika sana jambo hili, maana ndilo ufunguo wa habari yote. Faili ya uhuishaji haina picha ndani yake. Ina hesabu tu: mfupa fulani, wakati fulani, pembe fulani. Kwa hiyo mwendo si mali ya mwili mmoja. Waweza kuuvua kwa mhusika mmoja na kumvisha mwingine, kama uvuavyo shati, maadamu mifupa yao ni ya majina mamoja na mpango mmoja. Mwendo wa askari waweza kuvikwa mfanyabiashara, na mwendo wa kijana waweza kuvikwa mzee. Mambo haya yakiwezekana, hapana budi atatokea mtu atakayeyafanya.

Lakini mtu wa nje atawezaje kuingia katika mchezo usio wake? Mlango ulifunguliwa tarehe 10 Desemba 1993, siku uliyotolewa mchezo uitwao Doom, kazi ya kampuni ya id Software ya Texas. John Carmack, fundi mkuu wa programu yake, alikuwa ameona jinsi wachezaji walivyouvunjavunja mchezo wao wa awali ili kuubadili. Badala ya kuwazuia, aliitenga injini ya mchezo na vitu vyake. Injini ikawa mahali pake, na picha, sauti na ramani zikawekwa katika faili nyingine. Mchezaji akaweza kutia faili yake mwenyewe bila ya kuigusa ile ya asili. Kutoka katika uhuru wa namna hiyo vilizaliwa vitu vikubwa. Katika mwaka 1999 vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walitengeneza modi ya mchezo Half-Life wakaiita Counter-Strike, na mwaka 2000 kampuni ya Valve ikaitoa kama mchezo kamili. Kisha mwaka 2002 kampuni ya Bethesda ilipotoa mchezo wa ulimwengu wazi uitwao Morrowind, iliwapa wachezaji wa kompyuta na vyombo vya kuujengea.

Tuutazame mchezo mmoja maarufu, Grand Theft Auto: San Andreas, uliotengenezwa na Rockstar North ya Edinburgh huko Uskochi. Ulitoka mwaka 2004 kwa mashine ya PlayStation 2, ukafika kwenye kompyuta mwaka 2005. Ndani yake mna jimbo la kubuniwa lenye miji mitatu iliyofananishwa na Los Angeles, San Francisco na Las Vegas. Mwendo wa watu wake wengi umewekwa katika faili moja iitwayo ped.ifp, ndani ya folda ya anim. Humo mna mwendo wa mzee, mwendo wa mlevi na mwendo wa mnene. Hata mhusika mkuu akila kupita kiasi hunenepa na mwendo wake hubadilika. Mtu akitaka kuubadili mwendo, hutengeneza mwingine na kuuweka mahali pa ule wa zamani kwa jina lile lile. Mchezo haujui kwamba umebadilishiwa. Huita jina, na aitikaye ni mwingine.

Mchezo huu haukukusudiwa watoto, na historia yake ina fundisho. Katika mwaka 2005 modi moja ilifungua sehemu iliyofichwa ndani ya diski, sehemu isiyo na adabu ambayo kampuni iliizima lakini haikuifuta. Baraza la Marekani lipangalo umri wa michezo likaubadili ukawa wa watu wazima tu, na maduka yakauondoa rafuni. Yafuatayo twaweza kujifunza: kitu kilichofichwa si kitu kilichoondolewa, na umri ulioandikwa juu ya jalada la mchezo haukuandikwa kwa mapambo.

Mchezo wa pili ni Skyrim, wa Bethesda hiyo hiyo, uliotolewa tarehe 11 Novemba 2011. Februari 2012 wachezaji walipewa Creation Kit, chombo cha kuutengenezea modi. Uhuishaji wake hutumia ufundi wa Havok, kampuni iliyoanzishwa Dublin huko Ireland. Hapa pakatokea shida. Kubadili mwendo uliopo kulikuwa rahisi: weka faili mpya yenye jina la zamani. Lakini kuongeza mwendo mpya, ambao haukuwako tangu mwanzo, kulikuwa kugumu, kwa sababu mchezo una orodha ya miondoko yote iujuayo, pamoja na sheria za kuvuka kutoka mmoja hadi mwingine. Mwondoko usiomo katika orodha ni kama mgeni asiyejulikana mlangoni. Hata akibisha, hafunguliwi.

Mchezaji mmoja akatengeneza programu iitwayo FNIS, akaitoa bure. Kazi yake ilikuwa kuzisoma modi zote za uhuishaji alizotia mtu, na kuandika upya orodha ile ili iwatambue wageni. Baadaye zikafuata programu nyingine, kama Nemesis, na Open Animation Replacer ambayo humwezesha mtu kuweka masharti: mhusika huyu atembee hivi akichoka, na vile akibeba silaha nzito.

Mwanafunzi wangu mmoja katika chuo cha ualimu alinionyesha siku moja kinachotokea mtu asipofuata utaratibu. Alikuwa ametia modi mpya ya mwendo, akasahau kuiendesha programu ya kuandika orodha. Alipoufungua mchezo, mhusika wake alisimama wima, mikono imenyoshwa pande mbili, kama sanamu iwekwayo shambani kutishia ndege. Kila alipobonyeza aende, sanamu ile iliteleza juu ya ardhi bila ya kuinua mguu. Tulicheka sana. Kisha nikamwuliza, “Je, una nakala ya mchezo ulivyokuwa jana?” Akanyamaza. Hakuwa nayo. Alipoteza jioni tatu kutafuta kosa ambalo maelezo ya mtengenezaji yalikuwa yamelieleza katika mstari wa tatu. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, nilipokuwa wa rika lake, nilifanya makosa yaliyo mabaya kuliko hilo. Kwa hiyo sikumkemea.

Basi ikiwa wataka kujaribu kazi hii, ewe kijana, na mchezo wenyewe wakubaliana na umri wako, shika utaratibu huu.

Kwanza, weka nakala ya akiba ya faili za asili na ya mchezo wako uliohifadhiwa. Akiba haiozi.

Pili, soma maelezo ya mtengenezaji toka mwanzo hadi mwisho, uangalie modi ile ni ya toleo gani la mchezo. Skyrim ilipotolewa upya mwaka 2016 kwa mashine za biti 64, uhuishaji ulioandikwa kwa toleo la kwanza la biti 32 haukusomeka mpaka ulipogeuzwa. Jina la mchezo lilikuwa lile lile, lakini mambo ya ndani yalikuwa mengine.

Tatu, hakikisha kiunzi cha mifupa ni kile kitakiwacho na modi. Mwondoko ulioandikwa kwa mifupa ambayo mhusika hana hautapata mahali pa kushika.

Nne, tumia programu ya kusimamia modi, kama Mod Organizer au Vortex, usizitupe faili ovyo ndani ya folda ya mchezo. Programu hizo hukumbuka kila faili ilitoka wapi, na siku ukiitaka itoke, hutoka bila ya kuacha makovu.

Tano, ikiwa modi mbili zataka kubadili mwendo mmoja, ujue moja tu itashinda. Wewe ndiwe upangaye ipi itangulie na ipi ifuate.

Sita, endesha programu ya kuandika orodha kila uongezapo au uondoapo modi iihitajiyo.

Saba, tia modi moja, ujaribu, ndipo utie ya pili. Mtu atiaye modi 20 kwa pamoja, mchezo ukikataa kufunguka, hatajua ni ipi iliyoharibu. Haraka haraka haina baraka.

Pengine utasema, “Mwalimu, haya ni mambo ya mchezo tu, yana uzito gani?” Nami nitakujibu kwa habari ya mwaka 2015, maana ndani yake mlikuwa na swali zito.

Kwa miaka mingi watengenezaji wa modi waligawiana kazi zao bure. Mmoja alitengeneza kiunzi cha mifupa, wa pili akatengeneza mwendo juu ya kiunzi hicho, wa tatu akatengeneza vazi lifuatalo mwendo huo. Kila mmoja alisimama juu ya mabega ya mwenzake, na malipo yake yalikuwa ni kutajwa jina na kushukuriwa. Tarehe 23 Aprili 2015, Valve na Bethesda wakatangaza kwamba modi za Skyrim sasa zaweza kuuzwa katika duka la Steam. Mtengenezaji angepata sehemu 25 katika kila 100, na zilizobaki zingekuwa za makampuni hayo mawili.

Miongoni mwa modi za kwanza kuuzwa ilikuwamo moja ya uvuvi. Mvuvi hana budi kutupa ndoana na kuivuta, na miondoko hiyo ilitegemea FNIS, kazi ya mtu mwingine aliyeitoa bure kwa watu wote. Likazuka swali: je, ni haki mtu auze nyumba iliyojengwa juu ya msingi uliochimbwa na jirani kwa hisani? Mwenye kuchimba msingi hakupendezwa, na modi ile ikaondolewa dukani upesi. Watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi kuupinga mpango mzima. Tarehe 27 Aprili, siku nne tu baada ya kuanza, mpango ukafutwa na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao.

Sikusimulii haya ili niseme kwamba mtu asilipwe kwa kazi yake. Mfanyakazi astahili ujira, na wale waliotaka kuuza modi walikuwa na hoja: walikuwa wamekesha usiku mwingi bila ya kupata hata senti. Mwaka 2017 Bethesda ilijaribu njia nyingine, ikawalipa watengenezaji kwa mapatano maalumu. Nisemalo ni kwamba kabla ya kuhesabu fedha, sharti kwanza kuhesabu watu. Katika kila mwondoko mmoja mna mikono mingi, na wengine wao hawaonekani. Ndugu yake Mechner aliyeruka ukuta, Dave Fleischer aliyevaa nguo za mchekeshaji, na hata yule mtu wa Marey aliyetembea gizani katika nguo nyeusi, wote wamo. Ukitumia kazi ya mtu, omba ruhusa yake. Ukipewa, taja jina lake. Ukinyimwa, iache. Hiyo ndiyo adabu ya ufundi, na haikuanza na kompyuta.

Nina neno moja la mwisho, nalo lahusu sisi wenyewe. Miondoko mingi iliyomo katika michezo ya kompyuta ilinaswa katika miili ya watu wa Marekani, Ulaya na Asia ya mashariki. Mhusika akiamkia, huamkia kama wao. Akicheza ngoma, hucheza ya kwao. Si kosa lao, maana kila mtu huanza na ndugu yake. Lakini katika mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, wa magharibi ya Kenya, katika orodha ya urithi uhitajio kulindwa kwa haraka. Mabega ya mcheza isukuti, mwendo wa mama aliyejitwika ndoo ya maji bila ya kuishika, na mkono wa kijana anayempokea mzee salamu kwa mikono miwili, yote haya ni viungo na pembe na wakati, na yote yaweza kuandikwa.

Na vyombo vipo. Programu ya Blender, iliyoanzishwa na Mholanzi Ton Roosendaal, ilikombolewa mwaka 2002 kwa michango ya watu wa kawaida waliotoa euro 100,000 katika wiki saba, ili itumiwe bure na kila mtu duniani. Kwa kamera ya simu, kompyuta ya shule na programu hiyo, mwanafunzi wa Kakamega au wa Lamu aweza kufanya leo kazi ambayo Mechner aliifanya mwaka 1985 kwa taabu kubwa. Atakachohitaji zaidi ni saburi, macho ya kutazama, na ruhusa ya yule atakayemtazama.

Basi, msomaji mpenzi, ondoka tena kitini, utembee hatua kumi zile. Safari hii jitazame. Utaona kwamba mguu wa mbele hukanyaga kwanza ndipo wa nyuma uinuke, na kwamba mkono wa kulia hufuatana na mguu wa kushoto. Utaona na jambo jingine ambalo halimo katika faili ya mchezo wowote: namna utembeavyo wewe, ambayo huenda mama yako huitambua kutoka mbali kabla hajauona uso wako. Hiyo ni mali yako. Ijue kwanza, kisha uwafundishe wengine.